Kago la Bustani ya Watoto

Mbaruku alimpiga shemeji yake kwa mpini wa jembe mbele ya watoto, na mkono wa kushoto wa mwanamke yule ukavunjika kwa mlio ambao watoto waliusikia. Walikuwa wameinama kwenye matuta yao, kila mmoja na kibuyu chake, wakinyweshea mchicha. Hakuna aliyelia. Walibaki wameshika vibuyu, maji yakimwagika mahali pamoja mpaka udongo ukawa tope.

"Sema uliiba," alisema Mbaruku.

"Sikuiba," alisema Mwanne.

Akampiga tena, mara hii mgongoni, na Mwanne akaanguka kifudifudi juu ya tuta la kunde. Binti yake Sabaha, aliyekuwa ameketi pembeni kwa kuwa miguu haikumchukua tena, alimtazama mama yake bila kusogea. Mtoto yule hakuwa na nguvu hata ya kuogopa.

Lusiana, mwenye kuwatunza watoto wale, alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akajitupa katikati. Mbaruku hakumpiga. Alimshika bega akamsukuma, naye akaingia mgongo mzima kwenye ua wa miiba. Kisha Mbaruku akamnyanyua mwanawe Shehe kwapani, mtoto wa miaka minne, akaondoka naye. Shehe alikuwa amelishika shina la mpapai wake kwa mikono miwili, na ilibidi baba yake amvute mpaka gome likabandukia viganjani mwake.

Chanzo cha yote yale kilikuwa wema, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

Bustani ilikuwa bondeni, chini ya kijiji chetu, katikati ya njia ya Ruponda na Mnero. Ilikuwa miaka ile Wazungu walipoanzisha mashamba makubwa ya karanga, wanaume wengi wamekwenda Nachingwea kwenye kambi zao kung'oa visiki nyuma ya matrekta. Wanawake walibaki na mashamba peke yao. Mama akitoka alfajiri, mtoto mdogo alishinda uani na kiporo cha ugali wa muhogo na chumvi, akilindwa na mtoto mwenzake. Lusiana alikuwa mjane, Mkristo, na aliwahi kufanya kazi kwenye zahanati ya Mnero, akiwashika watoto wakipimwa uzito. Huko alijifunza jambo moja akalikamata vizuri: muhogo unajaza tumbo lakini haujengi mtoto. Aliporudi kwao akaomba kipande cha bonde, akawakusanya wadogo wote, wa Kiislamu na wa Kikristo, akampa kila mmoja tuta lake.

Hapo walipanda kunde, mchicha, karanga, maboga, na mipapai kandokando. Kabla ya kula, kila mtoto alisema amepanda nini na kitamfanyia nini mwilini. Kunde ni nyama yangu. Mchicha ni damu yangu. Papai ni macho yangu. Mtoto akirudi nyumbani jioni akikuta ugali mtupu, alimwambia mama yake kwamba ugali huu hauna rafiki, na mama alicheka, kisha kesho yake akachuma matembele. Akina mama walipokezana zamu za kutwanga karanga na kupika. Watoto walinona. Hata waliokuwa wakimcheka Lusiana kwamba anacheza kilimo na vidudu, walileta wa kwao.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Njaa ilipoingia majumbani, bustani ya watoto ndiyo ikabaki na kijani, maana waliinyweshea kwa vibuyu kutoka kisimani. Ndipo wizi ukaanza. Leo boga, kesho kunde. Lusiana aliweka miiba, miiba ikavukwa. Mzee Swalehe, aliyetoa kile kipande cha bonde, na aliyekuwa fundi wa dawa za kulinda mashamba, aliona watoto wakiangalia matuta yaliyonyang'anywa, akaumia. Akasema bustani ya watoto nayo ni shamba, na shamba lina ulinzi wake. Hakumwuliza Lusiana. Alizika chungu kidogo cha dawa kwenye pembe ya bustani, akafunga kitambaa chekundu juu ya mti, akakitangazia kijiji kizima: humu kuna kago. Atakayeiba atavimba miguu na uso, yeye au mtoto wake, mpaka akiri mbele ya watu, alete kuku mweupe, nimpe maji ya dawa anywe. Asipokiri, dawa itatembea katika ukoo wake, mtoto kwa mtoto.

Kijiji kizima kilimshukuru.

Sasa Mwanne alikuwa mgeni. Mumewe Abdala, nduguye Mbaruku, alimleta kutoka kwao Mbekenyera, akamwacha kwa kaka yake, akaenda kambini Nachingwea. Sabaha alikuwa ameachishwa ziwa safarini, na tangu hapo alilishwa muhogo. Alipoletwa bustanini nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu na laini. Lusiana alimwona akamtambua. Watoto wa namna ile aliwajua. Alimpeleka Mnero, wakampa maziwa ya unga kidogo, wakamwambia Lusiana aendelee na kunde na karanga, kidogo kidogo mara nyingi, na kwamba maji yakianza kumtoka mtoto, mifupa itaonekana na watu watadhani anakufa, asishtuke.

Lakini kabla kunde hazijafanya kazi, miguu ya Sabaha ilivimba. Uso ukavimba. Kidole ukikibonyeza juu ya mguu wake, shimo lilibaki. Watu walipomwona, hawakukumbuka muhogo. Walikumbuka kitambaa chekundu.

Basi ndipo Mbaruku alipokuja na mpini wa jembe.

Jioni ile palikuwa na baraza uani kwa Mzee Swalehe. Mwanne aliletwa mkono ukining'inia. Mzee alizungumza naye kwa upole, akamweleza kwamba kukiri si kufa. Wengi wamekiri na wakapona. Mbaruku alikaa chini, kichwa katikati ya magoti. Hakuwa mtu wa ugomvi kabla ya hapo. Lakini alisikia kama wote walivyosikia kwamba dawa itatembea katika ukoo, na ukoo wa Mwanne pale kijijini ulikuwa nyumba yake yeye. Baada ya Sabaha angefuata Shehe.

"Mzee," alisema Mwanne, "nikikiri, nikiri nimeiba nini?"

Watu wakatazamana.

"Mwizi anajua alichoiba," alisema Mzee Swalehe.

"Ndiyo maana nakuuliza."

Mwanamke mmoja alicheka puani. Mbaruku akanyanyuka tena, wakamshika.

Lusiana alimfunga Mwanne mkono kwa vijiti na kipande cha kaniki. Alipokuwa akimfunga, alimwomba akiri tu, aseme boga, aseme lolote, wampe maji yao anywe, mtoto apate kula kwa amani. Mwanne alikuwa ameuma ncha ya nguo kwa maumivu. Aliitoa mdomoni.

"Na kunde zikiibwa tena wiki ijayo, dada, watamfuata nani?"

Lusiana alikaza fundo la mwisho. Alikwenda kwa Mzee Swalehe peke yake, akapiga magoti, akamwomba afukue chungu. Mzee alimwinua. Alimwambia kwamba yeye anawapenda wale watoto kuliko anavyojua mtu, lakini dawa ni kama mbwa: ukimwita arudi kabla hajauma, anakugeukia wewe uliyemtuma. Hakuwa anatania wala kudanganya. Aliogopa.

Asubuhi iliyofuata hakuna mtoto aliyeletwa bustanini. Akina mama walipita njia ya juu, watoto mgongoni, wakielekea mashambani. Lusiana alisimama jikoni na chungu cha uji uliotosha watoto wote, akitazama wakipita.

Mwanne alikuja na Sabaha amembeba mgongoni, mkono mmoja umefungwa, mwingine una panga. Hakwenda jikoni. Aliingia katikati ya matuta, akamketisha mtoto, akachomeka panga udongoni, akaanza kuchuma kunde kwa nguvu, akizing'oa na mashina yake, waliokuwa njiani wamwone. Akatafuna mbichi. Zilizotafunika akazitoa, akamtia Sabaha kinywani kwa kidole.

"Mmesema mimi mwizi," aliwaambia. "Haya, ninaiba. Jua limetoka, wote mnaona. Kago lifanye kazi yake, na anayetaka kunitoa humu aje na panga lake."

Hakuna aliyeshuka.

Tangu siku ile bustani ilikuwa na watu watatu tu. Lusiana alipika, Mwanne alilinda, Sabaha alilishwa. Hakutaka kula, walimshika pua akameza. Alitapika, wakamlisha tena. Mwanne alimpiga kofi siku moja alipotema, kisha akaweka uso wake juu ya tumbo la mtoto.

Mkono wake ulivimba. Nani asingevimba, mfupa umevunjwa na kufungwa kwa vijiti? Ulikuwa mwekundu, unang'aa, vidole vimekuwa kama ndizi. Basi Mbaruku akapita visimani na kwenye pombe akisema: mkautazame ule mkono. Mnasema kago halipo? Mkautazame mkono. Na watu waliokuwapo siku ile, waliosikia mfupa ukilia, walitikisa kichwa wakasema kweli, kago limemkamata. Mzee Swalehe naye aliambiwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Kisha maji yalianza kumtoka Sabaha. Kila siku alikojoa sana, na kila siku alizidi kupungua, mpaka uvimbe ukaisha na ngozi ikakaa juu ya mifupa kama nguo ya kuazima. Lusiana alijua ni dalili njema. Kijiji kiliona maiti inayokaa. Wakasema dawa imemla nje, sasa inamla ndani. Wakaanza kutupa mawe. Moja lilipasua chungu cha uji motoni, uji ukamuunguza Lusiana paja. Jingine lilimpasua juu ya jicho. Alifunga kidonda kwa jani, akaazima chungu nyumbani kwao, akapika tena. Mwanne alisimama langoni akiwatukana waliotupa, akiwataja kwa majina ya mama zao, na hayo matusi siyaandiki.

Nyumbani kwa Mbaruku, Shehe alikuwa akila muhogo. Aliuliza habari za mpapai wake, baba yake akamnyamazisha. Baadaye hakuuliza tena. Alianza kukaa tu mlangoni, mpole, na watu walimsifu kwa upole wake. Mama yake, Fatu, ndiye aliyebonyeza mguu wake asubuhi moja na kuona shimo limebaki.

Alisubiri mumewe aende shambani, akambeba mtoto mpaka kwenye ua wa bustani. Hakuthubutu kuingia. Alisimama nje akasema, "Mwenzangu, nipe hata kidogo." Mwanne alimtazama. Hawa walikuwa wake za ndugu wawili, walikula chungu kimoja, na Fatu hakuwa amenyanyua mdomo wake siku ile ya mpini wala siku ya baraza. Mwanne alichota kunde zilizopondwa na karanga, akampitishia bakuli juu ya miiba.

Shehe alikuwa amemeza tonge moja Mbaruku alipotokea. Hakuna ajuaye nani alimwita. Alilipiga bakuli teke likaruka. Akamshika Fatu nywele, akamburuta njia nzima mpaka nyumbani, mtoto amemng'ang'ania kifuani, magoti ya mama yanachubuka kwenye changarawe. Watu walitoka milangoni wakatazama. Mtu mwenye mtoto anayekufa hashikwi.

Lusiana alikwenda nyuma yao na jicho lake lililofungwa. Alimkuta Mbaruku mlangoni na panga.

"Nipe mtoto nimpeleke Mnero," alimwambia. "Hiyo miguu ni njaa ya kunde, Mbaruku. Si kitu kingine."

"Hiyo miguu ni ya mwizi mnayemlisha."

"Mwache nimbebe mimi. Ukitaka nikate nikirudi."

"Ukivuka kizingiti nakukata sasa."

Alikuwa analia. Machozi yalimwingia mdomoni na panga halikushuka. Ndani Fatu alikuwa akigonga ukuta kwa kichwa chake, polepole, kama mtu anayetwanga.

Shehe alikufa siku ya Ijumaa. Walimzika kabla ya alasiri.

Mbaruku hakurudi nyumbani kutoka makaburini. Udongo ukiwa bado mikononi, alipitia kwake akachukua panga, akashuka bondeni, na waliokuwa kwenye maziko wakamfuata kwa mbali. Alianza na mipapai. Aliikata mmoja baada ya mwingine, ikaanguka na matunda yake mabichi, maziwa yake meupe yakimrukia usoni. Alikata maboga ya watoto, akakanyaga mchicha, akapiga vibuyu vilivyotundikwa ua mzima. Lusiana alikimbilia jikoni akamkumbatia Sabaha. Mwanne alisimama katikati ya kunde na panga lake katika mkono mmoja.

"Kiri," alisema Mbaruku. "Ameshakufa. Kiri sasa, nijue."

"Mwanao amekufa njaa, shemeji. Nilimpa chakula ukakipiga teke."

Akamrukia. Mapanga yaligongana mara moja, la Mwanne likamponyoka. Pigo la pili lilimpata begani, juu ya mkono ule ule uliovunjika, akaenda chini kwa magoti. Mbaruku akainua tena.

Mzee Swalehe alikuwa amefika. Alikuwa amevaa kanzu ya maziko, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, lakini alikimbia, akasimama juu ya Mwanne.

"Ule mkono," alisema, akihema, "ni mpini wako. Haukuvimba kwa dawa yangu. Mimi nilikuwa kwenye njia ya juu siku ile, niliona ukipiga, nikanyamaza ili watu waendelee kuogopa. Nisikilizeni nyote. Mwanamke huyu ameiba mbele ya macho yetu kila siku, na hakuvimba popote ila mahali alipopigwa. Na mtoto wa Mbaruku hakuiba kitu, amevimba akafa."

"Ondoka, Mzee."

"Kago langu halijui kitu. Shika hilo, mwanangu. Halijui kitu."

Nadhani ndilo neno lililomwua Mbaruku ndani. Kama kago halikujua kitu, basi ni yeye. Alilia sauti moja ya mnyama, akamkata mzee. Panga lilimpita Mzee Swalehe shavuni, likachana sikio, damu ikailowesha kanzu nyeupe mpaka kiunoni. Aliinua la pili.

Fatu alikuwa ametoka jikoni. Hakuna aliyemwona akiingia bustanini. Alikuwa ameshika mchi wa kinu, na aliupiga kwa mikono miwili, toka juu, kama wanavyopiga mtama mgumu. Ulimpata mumewe kifundo cha mkono. Panga likaanguka. Akampiga mbavuni. Alipokuwa chini akampiga gotini, na mguu wa mwanamume yule haukunyooka tena maisha yake yote. Angeendelea mpaka amwue, ila Lusiana alimwacha Sabaha akaja kumkumbatia kwa nyuma, wakaanguka pamoja juu ya mchicha uliokanyagwa.

Mzee Swalehe, akiwa ameshika shavu lake kwa mkono mmoja, alitambaa mpaka pembe ya bustani. Alifukua kwa vidole. Akakitoa chungu, akakipasua juu ya jiwe. Ndani mlikuwa na mizizi na unga mweusi uliolowa. Kisha akachuma jani la kunde lililokuwa na damu yake mwenyewe, akalitia kinywani mbele ya watu, akatafuna kwa upande mzima wa uso wake, akameza. Akakaa pale pale akisubiri dawa imgeukie. Jua lilizama hajavimba, ila shavu.

Mbaruku walimbeba kwa machela. Abdala aliitwa kutoka Nachingwea, akaja akamchukua nduguye kwenda kumtibu huko, na ndiko alikobaki. Mwanne alikataa kuwafuata. Bega lake lilishonwa Mnero. Mkono ulipona umepinda.

Wizi haukwisha. Kago lilipoondoka, wezi walirudi ndani ya wiki ile ile, labda watu, labda nyani, na sehemu kubwa ya kilichobaki ililiwa. Wapo waliosema Mzee alikosea, kwamba woga ulikuwa nafuu. Lusiana hakubishana nao. Alisema wenye watoto wapokezane kulala bustanini, na asiyelinda, mwanawe hali. Wengi walinuna. Mwanne ndiye aliyewapanga zamu, na hakuna aliyetaka kubishana na Mwanne.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ya kwanza baada ya maziko, Lusiana aliingia bustanini hajui kama kuna atakayekuja. Mipapai ilikuwa imelala chini. Sabaha, mifupa mitupu, alikuwa amejikokota mwenyewe mpaka kwenye moja, anachokoa papai bichi kwa kucha, ana njaa. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutaka kula bila kushikwa pua.

Langoni palikuwa na mtu. Ni Fatu. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kilio, na mgongoni hakuwa na mtoto.

Lusiana alimfungulia lango.

"Leo ni zamu ya nani kutwanga?" aliuliza Fatu.

"Sijui. Sijui kama kuna watoto watakaokuja."

Fatu alitazama njia ya juu. Wanawake wawili walikuwa wamesimama pale, watoto wamewashika mkono, hawajaamua. Akageuka, akaingia jikoni, akamimina karanga kinuni.

"Watakuja wakisikia," alisema, akaanza kutwanga.